Ndama wa Tatu wa Banda la Kwemvumo

Kwemvumo, Mlola,
Lushoto.
Tarehe 12 Oktoba, 1975.

Kwa mdogo wangu Rahabu,

Marahaba, marahaba sana. Shikamoo yako niliyoikuta kwenye barua nimeipokea kwa mikono miwili, na ya shemeji yangu Fanueli nimeipokea, na za watoto wote pia. Je, hamjambo huko Muheza? Joto linawaachia mlale? Goti la shemeji limepona, au bado anapanda michungwa kwa mguu mmoja? Mimi kaka yako Tobia ni mzima, tena mzima kupita vijana. Kifua kimenyooka, macho yanaona mbuzi aliye ng'ambo ya bonde, na meno yaliyobaki yanatafuna mahindi ya kuchoma bila kulalamika. Ninachokosa ni kukuona wewe tu.

Kwanza ukiuona mwandiko huu usifikiri nimemtafuta mtu. Ni mkono wangu mwenyewe. Barua zote za nyuma aliniandikia mwalimu Esta, yule anayetufundisha kisomo cha watu wazima, lakini hii nimemkatalia. Esta nikimwambia neno moja anaandika jingine zuri zaidi, na habari za leo sizitaki nzuri zaidi, nazitaka zilivyo. Nimeanza kuandika tangu Jumapili baada ya ibada na kidole kimevimba. Lakini kisomoni hakuna mzee anayenifikia, muulize yeyote, isipokuwa jirani yangu Mussa, maana huyo atakudanganya.

Pili, najua unachongoja. Unangoja nikwambie nateremka lini. Umeshakipiga chumba chokaa, umesema na kitanda kimepatikana. Ni kweli nilikuahidi, siku ile tulipotoka makaburini kumzika mke wangu Secilia, kwamba nitakuja kukaa nanyi. Ila nilikuambia siji mikono mitupu kama mtu wa kuokotwa njiani. Nikasema nitakuja na ng'ombe wangu mwenyewe, kamba mkononi, watoto wako wanywe maziwa ya mjomba wao. Wewe ulilia, ukasema hutaki ng'ombe, unataka kaka. Mimi nikasema hapana, kaka na ng'ombe. Neno hilo sijalisahau. Barua hii ndiyo habari yake, na ng'ombe yumo. Tulia kwanza nianze mwanzo.

Unanijua mimi na mambo ya kuambiwa. Mwingereza alitaka nichimbe matuta kilima kizima, nikamkatalia mbele ya chifu wetu zumbe na askari wake. Vijiji vya ujamaa vilipokuja nikasema vilevile, mimi sihami. Basi viongozi wakaja, wakapima, wakatazama maji, wakatazama njia, wakaamua kijiji kikae hapahapa mbele ya nyumba yangu. Watu wakabeba milango na mabati yao wakaja kujenga pande zote. Kwa hiyo, mdogo wangu, wengine walihamia kijijini, mimi kijiji kilinihamia. Hilo huwa namkumbusha Mussa kila akija kuomba moto, maana yeye alihama kwa hiari siku ya kwanza, akaimba njia nzima, na sasa nyumba yake iko chini ya yangu, maji ya mvua yakitoka kwangu yanapita mlangoni pake.

Mwaka jana wakati wa baridi serikali ikakipa kijiji ng'ombe watatu wa maziwa, chotara, majike watupu, weusi na madoa meupe. Walikuja kwa lori hadi Mlola na kutoka pale wakatembezwa. Mwenyekiti wetu Danieli, kijana mzuri ila anaogopa sana watu wa wilaya, akawapa majina siku hiyohiyo: Uhuru, Umoja na Kazi. Tukajenga banda kule kijitoni. Ikaitishwa mikutano, maana ng'ombe hawangoji. Kila nyumba ikapewa zamu ya kukata majani, lakini alitakiwa mtu mmoja wa kuwepo kila siku, asubuhi na jioni, kwa kujitolea.

Danieli akauliza nani atajitolea. Watu wakatazama miguu yao. Ndipo nikamwona Mussa anaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kutaka kubembelezwa, huku anajivutavuta ainuke. Nikasema moyoni, yaani huyu aje kuwa mkubwa wa ng'ombe mbele ya macho yangu? Kabla hajamaliza kukohoa mimi nilikuwa nimeshasimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Danieli hakuamini masikio yake, akauliza mzee mwenzetu anahitaji nini. Nikajibu sihitaji kitu, nitafuga kwa desturi yetu kama alivyofuga baba yangu, sitaki punje zaidi ya desturi. Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza desturi ipi.

Wewe unaijua. Wewe umekua kwa maziwa ya ng'ombe wa watu. Unakumbuka baba alivyofugishwa na wenye mali wa Mlola, ng'ombe wanalala ndani kwetu nyuma ya moto, wetu ni kukata majani na kufagia, na wetu ni maziwa na samadi. Majike wakizaa, ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenye ng'ombe, wa tatu ni wa mfugaji. Hakuna hati wala shahidi, ni neno tu, na mtu aliyelivunja hakupata wa kumfugishia tena milima hii yote. Basi mimi nilipoona kijiji kina ng'ombe na hakina nyumba ya kuwaweka, nikajua kijiji kinanifugisha mimi. Kujitolea nikadhani ni jina lao jipya la jambo letu la zamani, kama walivyobadilisha majina ya mambo mengi. Nikahesabu: majike watatu, wote wanakamuliwa na wote wana mimba changa, ndama wa tatu wangu. Nikaona na njia ya kuja Muheza imefunguka. Ndiyo maana nilikuandikia mwaka jana kwamba subiri kidogo, sikukwambia sababu.

Sasa kazi yenyewe, Rahabu! Laiti ungeniona. Alfajiri ukungu bado umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, mimi nimeshafika. Nawaamkia kwa Kishambaa, onga makeo, maana hao ng'ombe wamekuja hawajui hata Kiswahili. Siku ya kwanza nilipokaa kumkamua yule Kazi alinipiga teke ndoo ikaenda kijitoni na mimi nyuma yake. Mussa alikuwa juu ya kilima, akapiga kelele kwamba hivyo ndivyo mkwe anavyomkaribisha bwana harusi. Tangu hapo jina la Kazi limekufa, kijiji kizima kinamwita Mkwe, hata Danieli mwenyewe, ila mgeni wa wilaya akija analikumbuka lile la kwanza. Na mimi nikamfanya mkwe kweli. Simkaribii ila nimepiga hodi na kuinamisha kichwa, na hanipigi tena. Mwingine asiyepiga hodi anapigwa.

Baada ya maziwa ni majani. Tunakata majani ya Guatemala na matete kwenye kingo za matuta. Ndiyo, matuta, umesoma vizuri. Mussa hunicheka eti yule aliyekataa matuta leo anayapalilia. Namwambia tofauti ni kubwa, yule aliniamrisha, haya nimeyachimba mwenyewe kwa kutaka. Mzigo wa majani ni kazi ya wanawake, unajua, basi mimi naubeba begani siubebi kichwani, na wanawake njiani wananiuliza kama nimepata mtoto wa kubeba mgongoni pia. Tunakata na migomba iliyokwisha zaa, tunaikatakata vipande, ng'ombe wanaipenda kama sisi na miwa. Hakuna chakula cha gunia hata kimoja. Dawa ya kupe tunapewa na serikali, lakini kupe wengi nawatoa kwa vidole hivi vinavyoandika.

Samadi inakwenda shamba la kijiji. Bwana mmoja alikuja kutuuzia mbolea ya chumvichumvi, akasema mboga zetu zitakuwa mara mbili. Nikamshika mkono nikamwonyesha kabichi iliyokua kwa samadi ya Mkwe, nikamwambia aibebe hadi barabarani bila kupumzika, akishindwa aondoke na mifuko yake. Alishindwa, mdogo wangu! Kweli ilikuwa moja tu kubwa vile, nyingine ni za kawaida, lakini yeye nilimwonyesha ile.

Sitaki usikie kwa wengine, kwa hiyo nakwambia mwenyewe habari ya moshi. Tuna bwana mifugo, anaitwa Selemani, anakuja mara kwa mara na pikipiki, kijana mweupe wa meno. Yeye ndiye aliyeagiza banda lijengwe wazi pande mbili, upepo unaingia upande huu unatokea upande ule. Mimi nikaona huu ni uuaji, baridi ya Julai unaijua. Nikakata majani ya migomba nikaziba kila upenyo, nikawasha na moto pembeni kama kwetu zamani, moshi ukajaa vizuri. Ng'ombe wakaanza kukohoa. Nikasema wanazoea. Selemani akaja akakohoa na yeye, akaniambia mzee, hawa wana vifua tofauti na wale wa nyumbani kwenu, wanataka hewa. Tukabishana mpaka jua likazama. Nikamwambia mimi nimelala na ng'ombe chumba kimoja kabla baba yako hajaoa. Basi yeye akaenda zake, na mimi nikaamua mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, kuyatoa yale majani kesho yake. Kikohozi kikaisha. Yeye anasema alishinda. Mimi nasema majani aliyatoa nani?

Basi ndama wakaja. Uhuru akazaa dume. Umoja akazaa dume. Na mimi kila siku napita nyuma ya Mkwe, naangalia kiwele kinavyojaa, nasema kimoyomoyo, jike, mkwe wangu, niletee jike.

Ilikuwa mwezi wa tano, siku ya soko la Mlola, watu wote wameondoka na mizigo ya viazi. Bandani tumebaki mimi na Efrazia, yule mjane wa marehemu katekista, ambaye zamu ya majani ilikuwa yake. Mchana hivi Mkwe akaanza. Nikaona kwato zinatoka, na zimegeuka, nyayo zinatazama juu. Nikajua ndama anakuja kinyumenyume. Nikaita mtu, na nani akatokea? Mussa, na mgomba wake begani, sijui alikuwa anapita au anachungulia. Sikuwa na muda wa kuchagua. Tukafunga kamba ya mkonge iliyoloweshwa, tukavuta kila mama anaposukuma. Efrazia akaniambia vuta kuelekea chini, na mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Mussa anavuta huku anamwomba Mungu, mimi navuta huku nataja Utatu, Efrazia anatufokea wote wawili kwamba tupunguze maneno tuongeze nguvu. Mara, fyaa! tukaanguka watatu chali, na ndama juu yangu.

Hapumui. Ulimi umetoka pembeni. Mussa akasema basi, amekwenda. Nikamwambia amekwenda wapi, hajafika! Nikamtoa ute mdomoni, tukamning'iniza kwa miguu ya nyuma, nikachukua unyasi nikaupitisha puani, nikampigapiga mbavu, namwita, njoo, njoo, njoo. Akapiga chafya! Ile chafya, mdogo wangu, imenirukia usoni, na sikujipangusa. Nikatazama chini ya mkia. Jike.

Nilipiga kelele watu wa ng'ambo wakadhani nyumba inaungua. Waliporudi kutoka sokoni nikawakuta njiani na damu mpaka viwikoni, nikawatangazia wote kwamba njooni mwone ndama wangu. Wakafurahi, wakasema hongera, wakadhani ni maneno ya furaha tu. Danieli akasema ndama wetu huyu ni mzuri. Nikasema si wetu, ni wangu, huyu ndiye wa tatu. Akacheka. Akaona mimi sicheki. Akaacha.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mwaka mzima wao walikuwa wanasema neno moja na mimi nasikia jambo jingine. Danieli akaja nyumbani na katibu, wakakaa, wakanieleza polepole kama wanamweleza mgonjwa, kwamba kujitolea maana yake mtu hapati ujira. Nikawauliza ujira nani kautaja? Mfugaji halipwi ujira, anapewa ndama. Katibu akasema hawa ni ng'ombe wa ujamaa. Nikasema vizuri, basi ujamaa umenifugisha, na mimi nimefuga, maziwa mmekunywa ninyi na samadi mmetia shambani kwenu, nimewaachia vyote ambavyo kwa desturi vilikuwa vyangu, mnataka na ndama? Nikawaambia na kama neno la kijiji ni dogo kuliko neno la wazee wasiojua kusoma waliomfugishia baba yangu, mniambie niondoke leo.

Usiku huo sikula. Si kwa ndama tu. Niliona nimekuwa kichekesho, mzee mzima amefagia kinyesi mwaka mzima kwa ndoto yake mwenyewe, na kwako nitaandika nini?

Wakaitisha mkutano. Kijiji kizima kikaja, hata wasiokujaga kupiga kura. Katibu akasema sheria. Kijana mmoja akasema mzee ametudanganya, nikataka kumfuata, nikaketishwa. Kisha nikasikia kikohozi. Nikasema basi, leo Mussa ananimaliza. Akasimama, akajifunga kikoi vizuri, akasema hivi, nakupa maneno yake yalivyo: kwamba Tobia ni mbishi, ana majivuno, alitia ng'ombe moshi mpaka wakakaribia kuwa nyama ya kukausha, na mbele yake hakuna aliyewahi kushika jembe akasifiwa ila yeye mwenyewe. Watu wakacheka, na mimi nikaanza kuinuka. Akanyoosha mkono nikae. Akasema, lakini siku ile alisimama mbele yetu akasema nitafuga kwa desturi, na mimi nilikuwepo, nilielewa desturi ipi, na ninyi wazee wote mlielewa, mkanyamaza kwa sababu mlitaka mtu wa kuamka alfajiri badala yenu. Ndama ni wake.

Wazee wakatazama miguu yao tena. Danieli akashika kichwa, akauliza wilaya watamwambia nini, ndama wa ujamaa amepewa mtu mmoja. Mwanaidi mke wa Mussa, ambaye huwa hasemi mikutanoni, akasema kutoka nyuma kwamba wilaya waambiwe ni zawadi ya mfanyakazi hodari, maana si uongo. Danieli akapumua kama ametuliwa mzigo. Mikono ikapanda. Sikuihesabu, macho yalikuwa na vumbi. Ndama nikapewa.

Selemani akasema asitengwe na mama mpaka aache ziwa. Kwa hilo sikubishana. Nimemlea mwenyewe, nikamwita Hidaya. Sasa anakula majani, ngozi inang'aa, ukimpita bila kumsemesha anakufuata na kukutafuna koti. Na wiki iliyopita, Jumatatu, niliondoka kuja kwako.

Ndiyo. Soma tena kama hukuamini. Niliaga. Funguo za nyumba nilimkabidhi mchungaji wa kanisa letu. Efrazia akanipa viazi vitamu vya njiani na hakunitazama. Danieli akasema hotuba. Selemani alikuwepo, akaniambia Muheza kuna kupe wa ndigana kali, ile homa inayoua ndama, nimpeleke Hidaya joshoni bila kukosa, nikamjibu najua. Mussa akanisindikiza mpaka kivukoni, akasema sasa Mkwe atampata mkamuaji mwenye adabu, akimaanisha yeye. Hakukohoa hata mara moja. Nikashika kamba, nikaenda na Hidaya mpaka Mlola. Lori la viazi lilikuwepo, linashuka Mombo, na dereva akakubali kunipakia mimi na ndama nyuma kwenye magunia.

Nikakaa kwenye jiwe nikingoja wapakie. Jua likaanza kugeuka. Hapo mikono ikaanza kuniwasha, vidole vinajikunja vyenyewe. Ni saa ya kukamua. Nikamwona Mussa moyoni anaingia bandani bila kupiga hodi. Nikaona ndoo inaenda kijitoni. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakwama mahali. Dereva akaniita mzee panda. Nikamwambia ngoja nimnyweshe ndama maji. Nikamnywesha. Akaniita tena. Nikamwambia kamba imelegea. Akaniita mara ya tatu, akapiga honi, akaenda zake.

Nimerudi Kwemvumo na mchana bado upo, nimepita katikati ya kijiji na ndama wangu, watu wamesimama milangoni. Walikuwa wamefungua midomo kuniuliza, nami sikuwapa nafasi. Nikaenda moja kwa moja bandani, nikamkuta Mussa amelowa kutoka kiunoni kwenda chini, nikawaambia wote waliokuja nyuma yangu kwamba nimefikiri njiani. Mimi ni mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe haburuti mali yake kwenda kwenye ndigana. Nimerudi kukifugisha kijiji ng'ombe wangu, kwa desturi, maziwa na samadi vyenu, ndama wa kwanza na wa pili wangu, wa tatu wenu, na kwa kuwa siwaamini kufuga, itabidi niwepo kila siku kusimamia. Danieli akauliza atawaambia nini wilaya. Mussa akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji.

Hayo ndiyo niliyowaambia wao, na wameyakubali, na yamekuwa hivyo. Hidaya yuko bandani karibu na mama yake.

Lakini wewe ni wa tumbo moja na mimi, sikuandikii maneno ya kujikinga nayo kijijini. Ndigana ninaiogopa, ila siku ile sikuikumbuka hata kidogo. Lori lilikuwepo. Nafasi ilikuwepo. Ng'ombe alikuwa wangu, kamba mkononi, kama nilivyokuahidi. Hakuna aliyenizuia, Rahabu. Ni mimi sikupanda. Tangu Secilia aondoke nilikuwa naamka asubuhi sijui niamkie nini, ndiyo maana nilipokuahidi niliahidi kweli, nilikuwa nataka kutoka ndani ya ile nyumba. Nilifuga ili nipate ndama wa kuondokea. Katikati hapo, sijui siku gani, nikaacha kutaka kuondoka, na sikujua mpaka nilipokaa juu ya lile jiwe. Sasa naamka kabla ya jogoo wa Mussa na nina mahali pa kwenda. Siji kukaa Muheza, mdogo wangu. Chumba mpe mwingine. Najua utalia, na shemeji atasema nilijua tu, yule mbishi. Mwambie safari hii nimebishana na nafsi yangu na sijui nani kashinda.

Nakuomba usinikasirikie kwa muda mrefu. Kasirika mpaka mwisho wa mwezi, inatosha. Kisha njoo wewe. Njoo Desemba kazi ya machungwa ikipungua, uje na yule mtoto wako wa mwisho anayeogopa kuku, alale kwangu tumtie ujasiri. Utakula ugali wa bada kwa maziwa mpaka ushindwe kuinama. Kuhusu Efrazia usiniulize kitu kwenye barua, maana anayenisomea maneno magumu ni Esta, na Esta ana mdomo.

Wasalimu sana wote wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji Fanueli mwambie goti alikande kwa samli, nitamtumia chupa nikipata mtu wa kushuka. Mussa anakusalimu, Mwanaidi anakusalimu zaidi. Wakristo wenzako wa hapa wanakutaja kanisani. Mungu akulinde, awape mvua nzuri na bei nzuri, na akupe moyo wa kunisamehe, maana wa kwangu hautabadilika.

Nakomea hapo, mkono umekataa na majani ya jioni hayajakatwa.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Tobia Shemndolwa,
Mwenye ng'ombe.